Maiti Asiyehitaji Kupakwa

Wapwa zangu, hili hamtaliamini. Hata mie niliyeliona kwa macho yangu mawili, kuna asubuhi naamka nalikataa. Basi semeni Anko Revelian kaanza uongo wake, kisha msome hivyo hivyo.

Pale Tandika kuna duka la Bi Wahiba binti Masoud. Babu yake alikuja kutoka Uarabuni na mzani na magunia mawili ya tende. Mjukuu kabaki na kanga, udi na ubani. Rafu ya juu kabisa ina bafta nyeupe ya sanda na karafuu maiti, maana Bi Wahiba ndiye anayeosha wanawake wa mtaa wetu wakifa. Mwaka wa thelathini na moja huu. Akikutazama kidogo tu kutoka kichwani mpaka miguuni, unamwambia, "Bi Wahiba, usinipime sanda!" Anacheka. Na wewe unacheka, ila unaondoka haraka.

Sasa huyo huyo ana televisheni kubwa kuliko zote mtaani, na anapenda tamthilia za mauaji kuliko pilau. Kila Jumamosi baada ya alasiri, wakionyesha marudio, tunajazana barazani kwake kubishana. Nani kafaa kuwa inspekta, nani kapewa nafasi kwa sura tu. Mie nilishasema na narudia, yule inspekta wao angenipisha. Shule niliishia darasa la sita, lakini mwendo ninao, sauti ninayo, na kofia ingenikaa.

"Wewe ungefaa mwizi wa kuku, Anko," Tunu muuza chapati huniambiaga. "Na ungekamatwa siku ya kwanza."

Bi Wahiba yeye kazi yake ni maiti. "Huyu anapumua." "Huyu wanasema kafa tangu asubuhi, mbona shingo laini?" "Huyu kapakwa unga wa ngano." Hakuna maiti wa televisheni aliyewahi kufaulu kwake.

Jumamosi ile inspekta akavuta shuka, Tunu akaruka.

"Jamani! Si Herieth huyo? Herieth wa saluni, mtaa wa pili hapo!"

Ni yeye. Tukapiga makofi, mtaa umeingia kwenye tamthilia! Kalala kimya, midomo ya zambarau, kapatia mpaka mwili unasisimka. Nikasema, "Bi Wahiba, leo umeshindwa. Huyo ndo maiti!"

Bi Wahiba alikuwa kasimama. Kamera ilishuka miguuni, sekunde mbili hivi, ikaondoka.

"Uso wamempaka, sawa," akasema taratibu. "Nani anampaka maiti miguu?"

"Miguu ina nini?"

"Imevimba. Na kucha za buluu. Nimewaosha watatu wenye miguu ile, wote wasichana. Mama zao waliniambia moyo."

Wapwa zangu, inspekta anauliza muuaji ni nani, na hakuna anayemsikiliza.

"Usiseme, Bi Wahiba," Tunu akanong'ona. "Uchuro huo. Mwosha maiti kumfuata mtu aliye hai! Umesahau ya Mama Yumna?"

Nani kasahau. Bi Wahiba alimwambia Mama Yumna aende hospitali, mama wa watu akachelewa, akafa. Mtaa ukasema Bi Wahiba kamwitia kifo. Miezi mitatu hakuna aliyenunua kwake hata kipande cha udi. Walimwita kuosha tu, bila hata salamu.

Akakaa. Akasimama tena. Akavaa baibui.

"Revelian, nisindikize. Peke yangu naogopa."

Mie hofu siijui, mnanijua. Lakini siku ile nilimwacha yeye atangulie.

Tulipoingia saluni, mteja mmoja, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu nywele zimesimama, akaokota pochi yake akatoka mbio. Herieth kakaa kwenye stuli, mkono kifuani.

"Shikamoo, Bi Wahiba." Sauti ilimkatikia katikati.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuona kwenye tivii."

Uso ukamng'aa. "Mmeniona! Tulikuwa wasichana sita, wakatupanga mstari wachague maiti. Wenzangu wote waliambiwa watapakwa. Mie wakasema niko tayari, sihitaji kitu. Nikapata hapo hapo."

Alisema kwa fahari, kama aliyeshinda taji.

"Hawakukupaka?" Bi Wahiba akauliza. "Hata midomo?"

"Hata poda."

"Na usiku unalalaje?"

"Nakaa, nimeegemea ukuta. Nikilala chali nakuwa kama nazama. Siku ile ya kurekodi walirudia mara nne. Mara ya nne nilidhani siamki. Sikusema, wangempa mwingine."

Hapo ndipo akamtazama vizuri anayemuuliza. Tabasamu likaondoka.

"Bi Wahiba, umekuja kunipima?"

"Nimekuja nisije nikakupima. Vaa viatu twende hospitali."

"Havinienei tena."

Bi Wahiba akavua kandambili zake, akainama, akamvisha. Yeye akabaki pekupeku.

Daktari aliweka kifaa chake kifuani kwa Herieth, akasikiliza muda mrefu, hakumruhusu kurudi nyumbani. Njia ya damu ndani ya moyo imebana, akasema, na maji yamejaa mapafuni. Kalazwa siku kumi na saba. Sasa anameza dawa, anasubiri operesheni, na juzi kamsuka Tunu, tena akiimba.

Ila hamjauliza alifikaje huko. Aliishiwa nguvu mlangoni mwa saluni, na nani alikuwepo? Mie! Nikamtupa mgongoni, nikatimua mbio mpaka hospitali bila kupumzika, magari yananipisha, watu wanashangilia...

"Umemtupa wapi?"

Huyu hapa Bi Wahiba, miwani puani, kasimama nyuma yangu, anasoma daftari ninaloandika.

"Hakubebwa na mtu. Alitembea mpaka kwenye bajaji, mkono wake ndani ya mkono wangu, mtaa mzima unatuona. Andika alitembea."

Haya, alitembea. Lakini mie nilikuwa mbele yao, kifua wazi, nawaambia wenye midomo, atakayetaja uchuro leo atanitambua, na muda wote huo sikuogopa hata—

"Mbele wapi, Revelian? Tunatoka, wewe bado umejikunja chini ya draya ya nywele, umefumba macho, unanisihi nisikupime!"