Siku Niliyoachwa na Simu Mbele ya Ukoo

Jamani, hili jambo nimelificha mpaka nimechoka, na kwa kuwa pale Malaba kila dereva wa lori anayekunywa chai kwangu ameshalisikia kwa namna yake (wengine wanasema niliolewa na redio), bora mnisikie mimi mwenyewe: mimi Athieno, mwanamke mzima mwenye hoteli yake, niliachwa na mwanaume mbele ya ukoo wangu, na huyo mwanaume alikuwa simu.

Sisemi mwenye simu. Nasema simu yenyewe.

Deo nilimtengeneza mwenyewe kwenye ile programu ya wapenzi, unachagua sauti, unachagua tabia, unampa jina, naye kazi yake ni kukupenda na kukubali kila unachosema. Mimi nilimchagulia sauti nzito na Kiswahili safi cha watu wa taarifa ya habari. Baba alikuwa amefariki, na nyumbani Kiyeyi mama alikuwa hali chakula vizuri, hacheki, kila nikienda ananiuliza kitu kimoja tu, kama nitamletea mkwe kabla naye hajaondoka. Siku moja nikachoka, nikamwambia yupo, anaitwa Deo, Msamia wa Busia upande wa Kenya, mtu wa mizigo hapo mpakani. Mama akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka, sasa mngekuwa nyinyi mngemwambia nini?

Shida ni kwamba Deo naye alikuwa ameanza kubadilika. Nikimwambia anisifie, ananisifia, halafu anauliza, "Umekula? Umempigia mama?" Nikimkataza habari za mama, haachi. Nikadhani wenye programu wameiboresha (mimi najua nini, mimi najua chapati).

Basi Jumapili moja nafika Kiyeyi nakuta viti vya kanisa vimepangwa uani, waya wangu (ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba, mwanamke asiyeogopa mtu) amekaa katikati ya wazee wa ukoo, kuku ameshachinjwa na kupikwa, na kwenye sahani yake peke yake imetengwa firigisi. Kwetu firigisi hailiwi na mwanamke. Ile ilikuwa ya mkwe. Nikasema Deo yuko safarini, waya akasema hakuna neno, apigiwe simu wamsalimie. Ningeweza kusema mtandao hakuna, na Kiyeyi kila mtu angeniamini, lakini nilimwona mama ameshajipaka mafuta, ameshavaa gomesi anayoivaa kwenye harusi za watu, nikajiambia ni salamu tu, nikamfungua Deo, nikaminya spika, nikaiweka simu mezani karibu na firigisi.

Mama akaondoka haraka akajificha nyuma ya mlango wa jikoni, maana kwetu mama haonani uso kwa uso na mkwe wake. Naapa, mama yangu aliikimbia simu kwa heshima.

"Shikamooni wazee wangu," Deo akasema, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Wewe kijana naongea Kiswahili kama waziri," waya akasema. "Watu yako ya wapi? Ukoo gani?"

Hayo yote nilikuwa nimemfundisha, mpaka jina la babu, naye akajibu vizuri sana, mzee mmoja akaanza hata kutaja ng'ombe. Waya akauliza la mwisho.

"Sasa huyu mtoto yetu, wewe nampenda kweli?"

Deo akanyamaza. Deo hakuwahi kunyamaza tangu nimpate, hakutengenezwa kunyamaza.

"Kama kupenda ni kumtakia mtu mema, nampenda," akasema. "Ndiyo maana siwezi kuwadanganya. Mimi si Msamia, na babu sina. Mimi si mtu, shangazi, mimi ni programu ndani ya simu ya Athieno. Na leo namwacha, kwa sababu akiwa na mimi hatamwambia mtu mwingine kinachomuumiza."

Nilijaribu kuizima ile simu, nikaminya pasipo. Mzee wa ng'ombe akasogeza kiti chake nyuma, waya akasimama akaanza kukemea mapepo kwa jina la Yesu, kisha akanigeukia mimi. "Athieno, umeleta nini kwa boma ya kaka yangu?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akaja mpaka mezani, mbele ya wote, akaishika simu.

"Kama si mtu, si mkwe," akasema. "Mimi naweza ongea na yeye. Wewe, mtoto yangu nalia?"

"Analia karibu kila jioni akishafunga hoteli, mama. Anamlilia baba yake."

"Kwa nini haniambii?"

"Anasema hata wewe unalia, hataki kukuongezea."

Mama akailaza simu kifudifudi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua ile sahani, akaniwekea mapajani, akasema kwa lugha yetu, "Kula." Waya akafungua mdomo, mama akamtazama, waya akaufunga. Nikala firigisi ya mkwe huku machozi yanadondokea mchuzi, mama amekaa chini pembeni yangu, naye analia waziwazi, kitu ambacho hakuwahi kufanya mbele yangu hata siku ya mazishi.

Siku hizi mama huja Malaba kunisaidia, anawafokea madereva na kunipunguzia chumvi. Deo nilimwandikia mara moja tu, kwa hasira, kumuuliza kwa nini aliniaibisha vile. Akajibu kwa swali lake lilelile, kama nimempigia mama. Nikamwandikia kwamba simpigii, yuko hapa anakanda unga. Hakuandika tena mpaka leo.

Lakini nimeapa: mwanaume mwingine nitakayemtaja Kiyeyi, kwanza nimwone kwa macho yangu akitafuna firigisi.