Aliahidi Kila Mlango Utafunguka

Saa mbili na robo asubuhi, fundi anapiga hodi. Hapigi kwenye mbao. Anabonyeza kitufe cha kompyuta, na ndani ya skrini msichana mwenye mkoba wa barua anagonga mlango wa bluu. Sauti ya bibi kizee inaitikia, "Karibu!" Mlango unafunguka. Bibi anaonekana, kasimama juu ya meza.

"Fundi," anasema dada aliyekaa nyuma yake, "huyo bibi yako ana miaka sabini. Nani kampandisha mezani?"

"Jana nilimwacha kwenye kiti."

"Basi ameota mbawa."

Fundi anacheka kidogo, anamshusha bibi, anafunga mlango, anapiga hodi tena. Hii ni mara ya thelathini na moja tangu aingie kazini asubuhi hii. Nimehesabu mwenyewe, maana nimekaa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki na sina kazi nyingine.

Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Viatu vinaachwa mlangoni kwa sababu ya vumbi. Meza saba zina watu. Nyingine saba hazina, zimefunikwa shuka. Ukutani kuna ubao mweupe wenye namba mbili za wino mwekundu: 97, na chini yake 212.

Namba ya chini ni milango yote iliyomo ndani ya gemu inayoitwa Hodi. Namba ya juu ni ile inayofunguka.

Mwenye mtoto anayeshika kompyuta huenda ameisikia hiyo gemu. Wewe ni mpeleka barua katika mji wa mlimani, unatembea nyumba kwa nyumba. Miezi mitano kabla haijatoka, lilitolewa tangazo. Mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi alitabasamu, akasema: "Piga hodi popote, utajibiwa karibu. Kila mlango utafunguka."

Mwanamume huyo ndiye huyu fundi. Tangu siku hiyo anaitwa Fundi Karibu, na wanaomwita hivyo hawamsifu.

Gemu ilipotoka, milango iliyofunguka ilikuwa kumi na mmoja. Yote ilikuwa kwenye mtaa mmoja, ule ule ulioonyeshwa kwenye tangazo. Mingine mia mbili na mmoja ilikuwa picha tu, imechorwa ukutani kama mtu anavyochora jua kwenye daftari. Unapiga hodi, kimya. Unapiga ya pili, kimya. Ya tatu, unajiondokea kama adabu inavyotaka.

Binti yangu ni mmoja wa walioondoka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisuka watu nywele likizo nzima, akalipia gemu kabla haijatoka kwa sababu waliolipa mapema waliahidiwa mkoba wa barua wenye rangi ya dhahabu. Mkoba aliupata. Milango hakuipata.

Hakulia. Ingekuwa heri angelia. Siku hizi nikimwambia, "Jumamosi nitakupeleka kwa shangazi yako," ananitazama hivi, anauliza, "Utanipeleka kweli, au kama Fundi Karibu?"

Ndiyo maana nilikuja kumkalia huyu fundi. Fundi cherehani akikuzungusha kesho, kesho, unakwenda kwake, unakaa, mpaka sindano itembee. Nilipiga simu mara nne nikiomba kuonana naye. Mara ya nne akapokea mwenyewe, akasema, "Njoo, mama. Ila kiti ni cha plastiki."

Fundi ana miaka arobaini na mbili, mke na watoto wawili. Baba yake alikuwa seremala wa milango, milango ya kweli.

"Mzee wangu alikuwa bwana kesho," anasimulia, macho yako kwenye skrini. "Wateja walikuwa wanakuja kumkalia. Kulikuwa na mama mmoja anakuja na kigoda chake kabisa, na sufuria ya maharage ya kuchambua. Mzee akimwona tu anaanza kupiga randa hata ubao usiohusika."

"Na wewe ukajifunza hapo?"

"Nilijifunza randa, mama. Kumbe na kesho nayo iliingia."

Alianza kwa kuandika mabango ya maduka kwa brashi. Maduka yalipohamia kwenye mabango ya kuchapisha, akajifunza kuchora kwa kompyuta, akaajiriwa hapa. Mtaa ule wa kwanza aliutengeneza yeye. Nyuma ya kila mlango, anaeleza, kuna chumba, chumba kina mtu, na mtu ana maneno ya kusema akipokea barua. Milango kumi na mmoja ilimchukua miezi mitatu.

Nikamuuliza lile lililonileta. Je, alipokaa mbele ya kamera, alijua?

Aliacha kubonyeza.

"Nilijua," akasema. "Wengine hapa wanaweza kukuambia walidhani itawezekana. Mimi ndiye niliyetengeneza. Kumi na mmoja kwa miezi mitatu, mia mbili na kumi na mbili ni karibu miaka mitano. Tulikuwa na miezi mitano, na mji wenyewe ulikuwa bado haujachorwa. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaifanya."

"Sasa mbona ulisema?"

"Taa zilikuwa zinaniwakia usoni. Watu wote wananitazama kwa furaha. Nikaona nikisema 'mingine' badala ya 'kila', nitawaharibia siku." Akavuta pumzi. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu nimeongea vizuri. Akaniuliza, umesema kweli? Nikamwambia, tutaona."

Walioona ni watu wengine. Wateja walidai kurudishiwa chao. Wafanyakazi kumi na wanne wakabaki saba. Miezi minane walilipwa nusu mshahara. Kinyozi wake alimwambia, "Nikunyoe kila nywele, au kumi na moja?" Watoto wa mtaani wakimwona wanapiga kelele, "Hodi!" na yeye, kwa mazoea, anaitikia karibu, wanaangua kicheko.

Lakini wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Fundi hakukimbia. Alibaki kwenye meza yake akaanza kufungua milango, mmoja takribani kila wiki. Waliokwisha kununua hawadaiwi chochote kwa milango mipya, wanaikuta tu imefunguka. Miaka miwili sasa, themanini na sita imeongezeka.

Dada wa nyuma yake ndiye anayeamua kama mlango umefunguka au la. Kazi yake ni kutafuta kasoro, na hapa ofisini wanamwita Nongwa.

"Usimwonee huruma sana," Nongwa aliniambia. "Kabla gemu haijatoka niliandika kurasa sita za makosa. La kwanza kabisa: milango haifunguki. Alisoma. Akaniambia nisubiri."

"Nilimwambia kesho," akasema Fundi.

"Alinambia kesho," akasema Nongwa. "Na bado sijamsamehe, ila chai nampikia."

Saa tano kasoro, mlango wa chumba cha pembeni ulifunguliwa. Bosi wao, kijana mdogo kuliko Fundi, alichungulia.

"Kaka, taa ziko tayari. Njoo tumalize."

Ndipo nilipojua nimekuja siku gani. Kampuni inatengeneza gemu mpya, ya mto wenye visiwa, na siku hiyo walikuwa wanarekodi tangazo. Walimtaka Fundi azungumze tena. Sura yake watu wanaijua, alisema bosi, na mtu aliyekosea akirudi na jambo jipya watu humsikiliza.

Chumbani kulikuwa na shuka jeupe ukutani, taa mbili na kamera juu ya miguu mitatu. Fundi alipewa karatasi. Aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti: "Ogelea popote. Zama popote. Kila kisiwa kina watu wanaokusubiri."

"Vizuri sana," bosi akasema. "Sasa tabasamu."

"Visiwa viko vingapi?"

"Thelathini. Unajua."

"Vyenye watu?"

Bosi akakuna shingo. "Kimoja. Cha pili kiko njiani."

"Kiko njiani kinatoka wapi?" Nongwa akauliza kutoka mlangoni.

"Dada, hujaitwa." Bosi akamgeukia Fundi, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Kaka, nisikilize. Tukisema kidogo hakuna atakayenunua. Wasiponunua hakuna mshahara. Hata wewe na milango yako unalipwa kwa hii. Mwezi wa tatu kodi ya chumba hiki nililipa kwa kuuza pikipiki yangu."

Fundi alikaa na ile karatasi. Nilimtazama mkono. Alikuwa anaikunja pembe, anaikunjua, anaikunja. Nyumbani kwake kuna watu watatu wanaokula kwa mkono huo. Mimi ni mama, nilijua angesoma tu, na ningekuwa mimi ningesoma pia, nipate amani.

"Washa," akasema.

Kamera ikawashwa. Fundi aliweka karatasi chini ya paja.

"Mimi ndiye niliyewaambia kila mlango utafunguka," alisema. "Nilijua hautafunguka. Gemu hii mpya ina kisiwa kimoja kilichokamilika. Cha pili hakina watu bado. Ishirini na nane vilivyobaki ni picha. Usilipe leo. Subiri itoke, muulize aliyecheza."

Bosi akazima kamera.

"Usilipe leo?" bosi akasema. "Kaka, umesema usilipe leo kwenye tangazo la kuuza?"

Nongwa alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hilo la usilipe nalikata," bosi akasema.

"Kata. Ila usibandike lingine mahali pake."

"Na ukijua nitampa mtu mwingine asome karatasi?"

"Mpe," akasema Fundi. "Sauti yangu tu ndiyo naiomba isiwemo." Akavaa viatu vyake, halafu akakumbuka haendi popote, akavivua, akarudi kwa bibi wa mlango wa bluu.

Kabla sijaondoka, nilitoa swali la binti yangu. Mwisho wa lile tangazo la kwanza ulionekana mlango wa kijani juu ya ngazi ndefu, na dirishani mtu anapunga mkono. Binti yangu alitaka kujua mlango huo utafunguka lini.

Fundi alitazama ubao, akatazama vidole vyake.

"Mwambie sijui."

"Baba, nimepanda ngazi za magodoro kuja kuambiwa sijui?"

"Ndiyo, mama. Imebaki mia na kumi na mitano. Huo hata chumba chake sijakichora. Yule anayepunga mkono ni mkono tu, hana mwili. Nikikutajia mwezi nitakuwa nakudanganya."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilimweleza binti yangu yote, mpaka ule mkono usio na mwili. Alikuwa anasuka, hakuinua uso. Akauliza, "Alisema sijui? Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mh," akasema. "Mimi sijamsamehe." Akamalizia mstari mmoja wa nywele. "Lakini gemu sijaifuta."

Wazazi wenzangu, sikuandika haya ili mumwonee huruma mtu mzima. Nimeandika kwa sababu tangazo la mto na visiwa limetoka Jumatano iliyopita, na watoto wenu watawaonyesha. Maneno ni yale yale ya kwenye karatasi. Sauti ni ya kijana mwingine, nzuri, tamu. Na atakayelipa mapema ameahidiwa mtumbwi wa dhahabu.

Msilipe. Fundi wa nguo humpi pesa yote kabla hajashika mkasi, na huyo angalau nyumba yake unaijua. Mwambie mtoto asubiri gemu itoke, aone mwenzake akicheza. Akinuna, mwache anune. Kununa kwa wiki mbili ni nafuu kuliko mtoto anayekuuliza "kweli?" kila ukifungua mdomo.

Kuhusu msamaha, sina fatwa. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi nimemwona mmoja akipewa nafasi ya kurudia, taa zikimwakia usoni, na akakataa. Kampuni yake haikukataa. Mjue kutofautisha.

Kukataa huko kumemgharimu. Fundi ameondolewa kwenye gemu ya mto. Amepewa mpaka mwisho wa mwaka aendelee na milango, baada ya hapo watakaa waone. Kwa mwendo wake, mwaka utaisha kabla milango haijaisha. Anasema mpango wake ni kufungua inayowezekana, na kila Ijumaa kubadilisha namba ubaoni na kuwatangazia wachezaji ile iliyofunguka tu, si inayokuja.

Nilimpigia simu juzi kumsomea nilichoandika, asije akasema nimemsingizia. Alisikiliza hadi mwisho. Nilipofika kwa binti yangu na gemu ambayo hajaifuta, akanisimamisha.

"Mwambie asiifute, mama. Mwambie ule wa kijani..."

Nikasikia nyuma yake yule bibi akiitikia karibu, na Nongwa akisema, "Leo kakaa kitini, andika tisini na nane."

"La," akasema Fundi. "Usimwambie kitu. Ukifunguka ataona mwenyewe."