Jiwe la Ngezi

Wiki iliyopita, sokoni Bunia, nilipita mbele ya meza ya fundi wa redio. Alikuwa amepasua spika ya zamani, na ile sumaku yake nyeusi ilikuwa imeng'ang'ania misumari kama nyuki juu ya nta. Ilitoa harufu ya kutu na vumbi la moto. Nilisimama pale hadi fundi akaniuliza ninatafuta nini. Sikuweza kumwambia. Wacha niwaambie ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumetoka Butembo, mama na sisi watoto wanne, na tulikaa mtaa wa Bigo, hapa Bunia, katika nyumba ya Tonton Kambale, mdogo wa baba. Baba mwenyewe alikuwa Mahagi-Port akinunua samaki, na tulimwona mara chache, akinuka ziwa. Tonton ndiye aliyekuwa mwanaume wa nyumba. Zamani aliwahi kuwabebea vyombo wataalamu wa mawe, na kutoka kwao alipata ugonjwa ambao hakupona: kutafuta mawe yaliyoanguka kutoka mbinguni.

Ugonjwa huo aliniambukiza mimi. Alifunga sumaku ya spika kwenye fimbo, akanipa, na kila Jumamosi tulitembea milimani nikiigusisha kwenye kila kitu cheusi, maana mawe ya mbinguni yana chuma ndani. Wachimbaji wa dhahabu walitucheka. Tuliokota mabaki ya chuma, visoda, hata mguu wa sufuria. Mama alichukua mawe yetu yasiyofaa akayapanga juu ya bati la jikoni ili upepo usilibebe. "Angalau hapa yanafanya kazi," alisema.

Tonton alikuwa na sheria zake, na alizisema kama padri anavyosema sala. Jiwe usilivunje wala usilioshe. Andika kwenye daftari ulipolipata, karibu na nini, siku gani. Kama ni shamba la mtu, kwanza piga hodi. Na kama ni ardhi ya Leta, yaani ya serikali, hapo alisimama kabisa na kuinua kidole, jiwe ni la Leta. Unalipeleka ofisini, wanakuandika jina, wanakupa karatasi.

"Kitu ya Leta ni sawa moto ya jiko ya jirani, Masika," aliniambia. "Unaomba. Haubebi mu mufuko."

Mwaka huo, alasiri moja, mlipuko ulisikika upande wa Ngezi. Kwa vita tulivyokuwa tumepitia, hakuna aliyeuliza. Watu walibeba magodoro wakakimbia, jirani yetu mmoja alikimbia na kuku wa mtu mwingine. Hakuna adui aliyekuja. Jioni kila mtu alirudi kwa aibu na godoro lake, na Tonton peke yake alikuwa anacheka kwa furaha. "Hiyo haikukuwa bombe," alisema. "Ni jiwe!"

Tulilitafuta Jumamosi nne. Mimi ndiye niliyeliona, kwenye malisho ya wote nyuma ya Ngezi, ardhi ya Leta, limezama nusu katika majani yaliyoungua. Lilikuwa kubwa kama ngumi yangu, na ngozi nyeusi nyembamba kama ukoko wa sufuria, na vishimo kana kwamba mtu alilibonyeza kwa vidole kama bugali. Sumaku ililirukia. Nilipoliinua, mkono ulishuka.

Tonton alipiga magoti. Alilia, ninawaapia. "Weye uko na macho, mutoto," alisema. Niliandika yote kwenye daftari. Nyumbani, mama alilipima kwa viganja vyake viwili, akashangaa uzito wake, akakata kipande cha kitenge chake cha zamani akalifunga. Tonton akasema Jumatatu atalipeleka ofisini, na karatasi itakuwa na jina langu.

Nilingoja karatasi hiyo majuma mengi. "Ofisi iko polepole," alinijibu. Nikaacha kuuliza, kwa sababu nilimwamini.

Kisha akaja mgeni mwenye mkoba wa ngozi, mnunuzi wa mawe. Mama alinituma nipeleke chai. Mezani, juu ya kitenge cha mama, lilikuwa jiwe langu, na Tonton alikuwa akisema, "Niliipata hapa kwangu, mu parcelle yangu, nyuma ya choo."

Niliweka sinia chini. "Hapana, tonton," nikasema. "Ni kule Ngezi, udongo ya Leta. Niliandika mu cahier." Nilikimbia kuleta daftari, nilidhani kwa kweli amesahau. Mgeni alisoma ukurasa wangu, akamtazama mwenyeji wake.

Tonton akacheka. "Mutoto huyu anaota sana." Kisha akaita, "Mama Masika! Kuya uone. Weye uliona huyu mutoto na hii jiwe?"

Mama alikuja akifuta mikono. Alilitazama jiwe. Alikitazama kitenge. Mimi alinitazama mwisho, na haraka.

"Sijue," alisema. "Batoto banaokota mambo mingi. Masika, omba tonton pardon."

Niliomba. Mgeni aliondoka na jiwe. Jumamosi iliyofuata Tonton alinigongea mlango na fimbo ya sumaku mkononi. Nilijifanya ninaumwa kichwa, na Jumamosi zilizofuata pia, hadi akaacha.

Kwa miaka niliamini kwamba mama hakulikumbuka. Ilikuwa rahisi kuishi hivyo. Kisha, nikiwa tayari mke wa mtu, tukichambua maharagwe kwangu, nilimwuliza.

Hakuinua macho. "Nilijua," alisema. "Nilijua hata mbele aniite. Lakini nyumba ilikuwa yake, na nilikuwa na batoto bane. Tungelala wapi siku ile, Masika?"

Nilielewa, na bado ninaelewa. Tonton nilimwona mwongo siku ileile, na moyo wangu ulimfungia mlango, basi. Lakini mama alinisaliti kwa ajili yangu mwenyewe, ili nilale chini ya bati. Hilo sijapata mlango wa kulifungia. Tulimaliza maharagwe, nikayaweka motoni, na alipoondoka nilimsindikiza mbali kuliko desturi.