Malenga wa Kalamu

Kwa miaka thelathini na saba Bi Oliver Namukose alijua siku aliyokufa Zubairi Mafabi, na hakumwambia mtu. Kwa miaka hiyohiyo mke wa Zubairi, Bi Khainza, alikaa Mbale bila kumsomea mumewe hitima. Hakujua amsomee siku gani, na hakutaka kumfanyia matanga mtu ambaye huenda yu hai. Kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nalisema hili mapema ili usije ukanilaumu kwamba nilikuficha. Mimi mwenyewe nilifichwa, na hadi leo nina hasira.

Oliver kwetu ni jina la kike, wageni hushangaa. Alikuwa Msoga wa Jinja, mwembamba, mkali kwa wavivu. Kwenye kona ya duka langu la karatasi na fotokopi, pale mtaa wa Malukhu, Mbale, alikuwa na meza yake na taipureta. Kompyuta zilipoenea nilimshauri apumzike, akanitazama kama nimemtukania mama yake. Wazee walimfuata yeye kwa barua za ardhi na za kuombea wajukuu kazi, na sikuwahi kuona karatasi yake yenye kosa. Ila alikuwa na tabia moja iliyonikera: kila kitu alikipiga nakala tatu kwa kaboni, hata mtu akiomba moja. Ukimuuliza, anasema ndivyo alivyofundishwa.

Mwaka 2015 mwalimu Aloysius, anayefundisha jiografia, alirudi kutoka Nairobi na mchezo wa mezani. Si karata wala mweso, yaani bao. Mtu mmoja anasimulia nchi ya kubuni yenye wafalme na mazimwi, na wengine kila mmoja anajitwalia mhusika, huyu mpiganaji, yule mganga. Likitokea jambo gumu mnarusha dadu yenye nyuso ishirini, mjue limefaulu au limekwama. Niliwacheka sana. Wiki ya tatu nilikuwa mwizi mwenye mkia, na niligombana na watu wazima wenzangu kuhusu urefu wa mkia huo.

Tulicheza dukani Jumapili alasiri, watu wanne. Aloysius ndiye msimulizi, halafu mimi, mpwa wangu Habib ambaye ni fundi wa pikipiki, na Namono, muuza vitenge. Namono ni binti wa Zubairi na Bi Khainza.

Jumapili moja, tukingoja chai, Namono alitusimulia habari za baba yake. Ilikuwa Machi 1979, vita vinakuja kutoka kusini na askari wa serikali wana hofu na hasira. Zubairi alikwenda Jinja na lori kutafuta nguo za jumla. Akasimamishwa kizuizini, akabishana na askari juu ya tairi la akiba walilolitaka, wakamchukua. Basi. Namono alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alipokua alizunguka kila ofisi na kila gereza, akawatafuta hata wanajeshi wa zamani majumbani kwao, na hakuna aliyemjua. Sasa mama yake ana ugonjwa wa moyo, na kila asubuhi anauliza kama siku imepatikana.

Kule konani taipureta ilinyamaza. Nilidhani utepe umekwisha wino.

Katika kitabu cha kanuni alichokuja nacho Aloysius mmoja wa wahusika ni malenga. Anaimba na kupiga kinubi, na wenzake wanapata nguvu. Namono hana sauti, hata adhana ya simu yake inaimba vizuri kuliko yeye. Alitaka malenga anayeandika, na kitabuni hakuwamo. Wiki iliyofuata Bi Oliver, ambaye hakuwahi kugusa dadu maishani, alituwekea mezani karatasi aliyoipiga mwenyewe, nakala tatu. Juu yake: MALENGA WA KALAMU.

Nguvu ya kwanza, malenga huyu akiandika cheti, askari wa kizuizini atamwacha mtu apite. Ya pili, maandishi yake yakichomwa moto, nakala moja itabaki mahali. Hapo sote tulimpigia makofi. Nguvu ya tatu aliiita Badili Jina, nami naikumbuka neno kwa neno: "Orodha ya watu wanaokwenda kuuawa ikipita mkononi mwake, malenga anaweza kuondoa jina moja. Hesabu iliyoandikwa juu haibadiliki. Kwa hiyo ataandika jina la mwingine aliye karibu. Mtu huyo hataambiwa. Malenga hawezi kufuta."

"Eh, mama," Aloysius alisema, "hii umetoa wapi?"

"Ni ya mchezo tu, mwalimu."

Namono alipoinyakua, Bi Oliver alimshika mkono. "Wewe acha hiyo. Habib achukue."

"Habib? Huyu hata jina lake anaandika na jasho!" Tukacheka. Bi Oliver hakucheka. Namono akaichukua.

Tangu siku hiyo Bi Oliver, ambaye Jumapili alikuja mara chache tu akiwa na kazi ya haraka, akawa anakuja kila wiki. Hachezi, hali, anakaa kwenye kiti chake akikunja leso na kuikunjua. Katika mchezo nguvu hupatikana moja moja, na kila malenga wa Namono alipoongezeka nguvu, yeye aliulizia imebaki kiasi gani afikie ile ya tatu. Nikadhani mama wa watu ana upweke. Mjinga mimi.

Mwanzoni mwa Machi 2016 ikafika. Katika hadithi tulikuwa tumekamatwa katika ngome ya mfalme, na Aloysius akasoma orodha ya watakaouawa alfajiri, aliyomwomba Bi Oliver amwandalie, watu kumi na wawili. Wa saba ni mpiganaji wa Habib. Orodha inapita mkononi mwa malenga. Namono akarusha dadu, ikasimama kwenye kumi na nane. Imefaulu.

"Ondoa Habib," alisema Aloysius. "Sasa andika mwingine. Kwenye selo kuna bibi kizee, kuna mpishi, kuna mfanyabiashara wa mji wa mbali."

"Andika huyo mfanyabiashara," Habib alisema upesi. "Huyo ni mgeni. Nani atakuja kumuuliza hapa?"

Nilisikia kiti cha Bi Oliver kikigonga ukuta. Alikuwa amesimama. Namono hakugeuka, alifikiri kidogo, akaandika, akasogeza karatasi. Alikuwa ameandika jina la malenga wake mwenyewe.

Aloysius akageuza ile karatasi ya kanuni mbele na nyuma. "Haijakatazwa," alisema. "Mama, inakubalika?"

Bi Oliver aliomba maji. Tukamletea. Aliyanywa, akasema polepole, "Mimi hiyo sikufikiri. Hata mara moja, miaka yote hii, sikufikiri hiyo." Kisha akatoka bila kuaga.

Alirudi kabla hatujakusanya dadu, amevaa gomesi yake ya kanisani, mkononi ana bahasha. Akamwomba Namono akae. Yeye mwenyewe alibaki amesimama.

Wakati wa vita alikuwa na miaka ishirini na miwili, alisema, karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya askari Jinja ambayo jina lake hakulitaja. Mkubwa wake, Afande Romano, alikuwa akimletea orodha zilizoandikwa kwa mkono, naye akizipiga nakala tatu. Moja ya afande, moja ya dereva wa lori, moja ya faili. Wakiondoka na lori hawarudi. Siku moja ililetwa orodha ya watu kumi na wawili, na wa saba alikuwa Geresom, kaka yake, mfanyakazi wa reli. Afande alikuwa ameshaandika hesabu juu na kutia sahihi. Pembeni palikuwa na daftari la waliokamatwa wiki ile.

"Mimi niliangalia hiyo daftari," alisema. "Watu wengi ni wa Jinja, najua mama zao. Halafu naona mmoja wa Mbale. Mtu ya tairi. Kesho yake walikuwa wanamwachilia, hiyo pia ilikuwa imeandikwa. Nikasema huyu wa mbali, nani atakuja kuniuliza?"

Habib alifunika uso kwa mikono.

Wakombozi walipokaribia, afande alichoma mafaili yote. Bi Oliver aliiba karatasi ya tatu akaishona ndani ya mto. Geresom alitoka hai, akaishi miaka minne zaidi, akafa kwa malaria. Ndipo Bi Oliver akahamia Mbale. Mimi aliniambia alifuata hewa ya mlima. Kumbe alikuja kungoja mtu wa kumuuliza, na Namono aliposimulia dukani, akashindwa kusema. Akaandika kanuni.

Namono alifungua bahasha. Karatasi imekuwa ya manjano, kaboni imefifia, lakini inasomeka: 14 Machi 1979. Namba saba, Zubairi Mafabi, Mbale. Hakuna kosa hata moja.

Aliisoma na kuirudia mpaka chai ikapoa. Nilingoja alie au ampige, na kama angempiga nisingemzuia. Alisema tu, "Kaa kwa mashine yako, mama. Andika baba yangu tena."

Bi Oliver akaketi. Namono akamtajia, naye akapiga: Zubairi Mafabi wa Mbale aliuawa Jinja tarehe 14 Machi 1979, hitima itasomwa nyumbani kwa mkewe.

"Chini yake andika nani aliweka jina lake."

Bi Oliver alianza. Nimemsikia akipiga taipu miaka mingi, kasi yake ni ya mvua juu ya mabati. Siku ile alitafuta herufi moja moja kama mtu anayejifunza, akakosea jina lake mwenyewe, akararua, akaanza upya. Nakala tatu.

Hitima ilisomwa Jumatatu ya tarehe 14. Baada ya dua Bi Khainza aliniita kitandani kwake. Hajui kusoma. Alikuwa ameishikilia karatasi tangu asubuhi, akaweka kidole mstari wa mwisho.

"Rajab, hapa chini ni nani?"

Nikamsomea. Nikamweleza yote, maana Namono alikuwa ameshindwa. Alinisikiliza macho yakiwa juu, kwenye dari.

"Huyo iko hai?"

"Iko hai, mama. Iko dukani kwangu, Malukhu."

"Mwambie akuje peke yake," alisema Bi Khainza. "Mimi nataka kuona hiyo mikono."

Nilimpelekea salamu. Bi Oliver alifunika taipureta kwa kitambaa chake, akanikabidhi ufunguo wa nyumba yake, akaenda.