Moyo Unaodunda

Shuleni kwetu Bariadi kompyuta moja tu ilikuwa bado na Flash, ile programu ya zamani ya kuchezesha picha, na bila hiyo somo langu la moyo unaodunda halifunguki. Niliibandikia karatasi: USIGUSE. Mwalimu mgeni akaigusa. Akaja kwangu anatabasamu.

"Nimekusafishia kompyuta, mwalimu. Flash nimeifuta, siku hizi hakuna anayeitumia."

Hakuna! Na mimi niliyeitumia juzi ni nani, kivuli?

Kidato cha pili walishajipanga mlangoni. Nikakimbilia buchani, nikarudi na moyo wa ng'ombe, nikauweka mezani. Watoto wa wafugaji wakautazama kwa adabu.

"Mwalimu," binti mmoja akasema, "huu tunauona kila ng'ombe akichinjwa. Ule unaodunda uko wapi?"