Kiungulia cha Baba

Kila nitafunapo kidonge cha kiungulia, harufu yake ya mnanaa hunirudisha jikoni kwetu Bombambili, Jumapili moja baada ya misa.

Baba alikuwa ametoka kunywa ulanzi, pombe ya mianzi. Alishindilia ugali na maharage, akajilaza mkekani, na muda si mrefu akainuka ameshika kifua.

"Umenitilia nini kwenye chakula?" alimfokea mama.

Akaipiga teke sufuria. Maharage ya moto yalimrukia mama miguuni, na kabla hajamaliza kupiga yowe, baba alimchapa mwiko mdomoni. Damu ilichuruzika hadi kwenye kanga yake ya kanisani.

Bibi, aliyemzaa baba, alikuja mbio akamkamata mkono. Baba akamsukuma ukutani. Bibi aliinuka, akasema huku akihema, "Tumekula wote sufuria moja. Nani mwingine anaungua kifua? Ni ulanzi, mwanangu, na kulala umeshiba."

Baba akainua mwiko tena. Mama akachomoa kijinga cha moto jikoni, akamwelekezea usoni.

"Nipige, baba watoto. Nipige nikuonyeshe kuungua."

Mwiko ulimponyoka baba. Bibi alimkalisha wima kwenye kigoda, akampa vidonge alivyonunua kwenye duka jipya la dawa mjini. Baba alitafuna huku akicheua na kulia.

"Weka chini, mwanangu, yameisha," bibi alimwambia mama.

Mama alisimama vilevile, macho kwa baba, mpaka kijinga kikazimika mkononi mwake.