Ufito Wenye Mguu Mweusi

Bi Kipimo, mdogo wangu wa tumbo moja, ni binti wa mchonga mipini na mjukuu wa mwanamke aliyejiezekea nyumba mumewe akiwa safarini. Yeye mwenyewe ametengeneza madawati, milango, na kitanda ninacholalia hadi leo, hakijawahi kulia. Nayasema kwa maringo, maana ni wa kwetu.

Mwaka ule mume wangu, seremala naye, alipigilia mbao ukuta wa nje wa chumba cha mama yetu. Alianzia chini, kila ubao ukiulalia mwenzake, zikionekana inchi saba saba. Kufika dirishani, ikabaki inchi moja. Akaiziba kwa kipande chembamba kama ulimi wa mjusi. Mvua ikapita hapo hapo, godoro likalowa, mama akahamia jikoni na mto wake.

Tukabandua mbao zote. Mawingu yalishaanza kurudi.

Bi Kipimo hakugusa nyundo. Alichukua ufito ulionyooka, akauwekea alama: hapa dirisha linaanza, hapa linaishia. Chini ya dirisha palikuwa na inchi thelathini na sita. Akagawa mistari sita ya mbao, kila mmoja inchi sita. Ubavuni mwa dirisha, mistari ya inchi sita na nusu.

"Shemeji, unajenga au unashona gauni?" mume wangu akauliza.

"Nashona. Lako lilikuwa fupi dirishani."

Mama akacheka huko jikoni mpaka akakohoa.

Akahamishia alama ukutani kona ya kwanza; mume wangu akapeleka ufito kona ya pili, akafanya vivyo hivyo. Walipovuta uzi kona hadi kona, ukapanda kama njia ya mlimani.

"Nyumba imelala upande," akasema.

"Nyumba iko sawa, shemeji. Umeusimamisha ufito kichwa chini."

Bi Kipimo akauchoma ncha ya chini kwenye jiko la mama, ikawa nyeusi. "Huu ndio mguu."

Siku ya tatu ubao ukakaa chini ya dirisha mzima mzima, bila kiraka. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nilipapasa ukuta kwa ndani: mkavu kama unga. Mama alirudi chumbani akiimba, mto kwapani.

Ukabaki ukuta wa nyuma. Bi Kipimo akamkabidhi mume wangu ufito.

"Huo ni wako, shemeji. Mguu mweusi chini."

Akaupokea kwa mikono miwili.